Vidonge vya jino la Baba Mdogo

Juzi kwenye daladala, dada aliyeketi kando yangu alikuwa amebana jinoni pamba yenye mafuta ya karafuu. Harufu ile ikanirudisha kwa Baba Mdogo, ile wikendi jino lilipomshika na daktari wa meno hapatikani mpaka Jumatatu.

Kila aliyekuja kumjulia hali alimletea kidonge. Panadol za nyumbani, dawa ya mafua kwa kuwa alikuwa anapiga chafya, kisha dawa ya maumivu ya mchanganyiko kutoka dukani. Akazimeza zote, usiku na mchana. Jumapili akatapika mfululizo, tukamkimbiza hospitali.

Tabibu, kijana kabisa, akamwamkia, kisha akataka kuona kila alichomeza. Mama akamimina mfuko mezani. Yule kijana akavitenga vipande vya karatasi za vidonge kimoja kimoja, akigeuza kila kimoja na kukisogeza kwenye taa. Panadol: parasetamoli. Ya mafua: parasetamoli. Ya mchanganyiko: parasetamoli tena, pamoja na aspirini. Vipande vingine vilikatwa kwa mkasi dukani, vimebakiwa na herufi mbili tatu. Kimoja hakikuwa na herufi hata moja. Hicho alikishika muda mrefu kuliko vyote.

"Mzee, mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Wewe umepita mbali."

"Lakini sasa kutapika kumekata, mwanangu. Naona nafuu."

"Nashukuru, mzee. Ila mimi naliangalia ini."

Akatueleza nje, kwa sauti ya chini: ini hugeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu, na lina akiba ya kuizima. Dozi ikizidi, akiba huisha. Mgonjwa anaweza kuonekana mzima siku nzima au zaidi huku ini likiungua.

Baba Mdogo akatundikiwa dripu ya asetilisisteini, dawa ya kuzima sumu hiyo, ambayo hufaa zaidi ikianza mapema, ndani ya saa 8 tangu kumeza dozi iliyozidi. Sisi tulikuwa tumechelewa. Macho yakawa manjano, tukakesha kwa dua, na Mungu akamrudisha.

Tangu hapo namwomba mwenye duka aniuzie karatasi nzima, yenye jina na tarehe. Mimi naweza kuilipia. Nyuma yangu kwenye foleni huwa kuna mama mwenye hela ya vidonge viwili tu, na mkasi unapita katikati ya jina la dawa. Yeye atasoma nini? Bado sijapata la kumwambia.