Aya Niliyoifuta

Jana jioni kitindamimba wangu alijaribu shati jipya, akalalamika kwamba kuna kitu kinamkwaruza shingoni. Nilipogeuza ukosi ili niikate lebo, aliushika mkono wangu wenye mkasi, akaisoma kwanza, kama asomavyo kila chenye maandishi. "Mama," akauliza, "nchi iliyoandikwa hapa ndiyo iliyolima pamba, au ni iliyoshona tu?" Nilimwambia kwamba lebo hutaja mahali nguo ilikotengenezwa, wala haisemi pamba ilitoka shamba gani au kitambaa kilifumwa wapi. Aliridhika, akaenda zake. Mimi nilibaki na kile kipande kiganjani, nikaikumbuka Oktoba ya mwaka 2010.

Wakati huo nilikuwa mwanagenzi, bila mshahara, katika ofisi iliyosaidia viwanda vidogo vya nguo vya nchi zinazoendelea kuuza bidhaa zao nje. Kazi zetu wanagenzi zilikuwa za chini lakini za lazima. Tulipanga sampuli, tukasoma masharti ya wanunuzi, na kuandaa majibu ya barua ili wakubwa watie saini. Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kutazama kitambaa kwa kioo cha kukuzia. Kitambaa cha fulana huonyesha vitanzi vilivyoshikana, na nguo yake huingia sura ya 61 ya orodha ya forodha. Kitambaa cha shati la kawaida huonyesha nyuzi za mtande, yaani za urefu, zikikatizwa na za mshindio, yaani za upana, na nguo yake ni ya sura ya 62. Anayechanganya sura hizo mbili huweza kuukwamisha mzigo mzima bandarini, kwa hiyo niliipenda kazi hiyo na kuiheshimu.

Siku moja tulipokea bahasha kutoka kiwanda kimoja cha nchi iliyo katika kundi la nchi maskini zaidi duniani. Ndani yake mlikuwa na shati moja la pamba, limekunjwa vizuri, na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini kwenye barua. Mwenye kiwanda, mama mmoja ambaye mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mshono, alieleza kwamba amepata oda ya mashati kutoka Ulaya, ya kufikishwa mwezi Februari. Kitambaa angekiagiza kutoka nchi nyingine, kwa sababu nchini kwake hakukuwa na kiwanda cha kufuma kitambaa cha ubora ule, kisha angekata, kushona na kupiga pasi kwake. Aliuliza jambo moja tu: je, mashati hayo yangeingia bila ushuru?

Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulikuwa umezifungulia nchi hizo soko lake kwa bidhaa zote isipokuwa silaha na risasi. Hata hivyo, ili shati lihesabiwe kuwa la nchi husika, kanuni za uasili wa bidhaa zilidai hatua mbili zifanyike humo: uzi ufumwe uwe kitambaa, kisha kitambaa kishonwe kiwe nguo. Walioziunga mkono walitumaini kwamba sharti hilo lingechochea ujenzi wa viwanda vya kufuma. Lakini kiwanda cha kufuma hudai mtaji mkubwa na umeme usiokatika, ilhali ushonaji huweza kuanza na vyerehani na mikono iliyofunzwa, na nchi nyingi maskini zilikuwa na hivyo viwili vya mwisho tu. Asiyetimiza sharti alilipa ushuru wa kawaida, ambao kwa mashati ya pamba ulikuwa asilimia 12. Mama yule alikuwa ameandika kwamba faida yake katika oda ile haikufika hapo.

Jibu, basi, lilikuwa hapana, na niliiandika nusu ya kwanza ya barua bila kusita. Kilichonisimamisha ni karatasi zilizokuwa kwenye trei ya mashine ya kunakili, nyuma ya kiti changu, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezitoa nakala asubuhi hiyo. Zilikuwa rasimu ya kanuni mpya, zilizokuwa zikijadiliwa kwa miaka kadhaa. Katika jedwali lake, kwenye safu ya nchi maskini zaidi, hatua mbili zilikuwa zimegeuka kuwa moja. Kushona kungetosha.

Niliongeza aya. Naikumbuka karibu neno kwa neno: kwamba kuna mabadiliko yanayojadiliwa, kwamba hayajawa sheria, na kwamba huenda akaona vema kumwomba mnunuzi asubiri kidogo kabla ya kufunga mkataba. Niliisoma mara tatu. Shati lilikuwa mezani mbele yangu, kifungo chake cha juu kimeshonwa kwa uzi uliozungushwa shingoni mwa kifungo ili kisilegee, kazi ambayo wengi huiacha ili kuokoa sekunde chache. Nikakumbuka alichoniambia msimamizi wangu wiki ya kwanza: "Hatuandiki kitakachokuja, tunaandika kilichopo." Hakuwa mtu mgumu, alikuwa ameona mfanyabiashara aliyeagiza kitambaa kwa kutegemea rasimu, rasimu ikabadilishwa, naye akafilisika. Ningeweza kwenda kumwuliza. Mlango wake ulikuwa wazi, hatua kumi tu kutoka nilipoketi. Badala yake niliifuta ile aya, nikachapa barua, nikaiweka katika jalada la kutiwa saini.

Majibu ya mama yule yalikuja baada ya siku chache, kwa barua pepe, mistari miwili. Ameikataa oda. Anatushukuru kwa kumweleza ukweli.

Kanuni mpya ilipitishwa Novemba 2010, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2011. Kama mashati yale yangefika Februari, yangepita bila ushuru, kitambaa cha kuagiza na yote. Siku ilipotangazwa ofisini watu walipongezana, na kwa haki, kwa kuwa wengi walikuwa wameipigania tangu kabla sijafika. Nami nilifurahi kwa dhati, huku nikilitazama lile shati lililokuwa bado kwenye rafu ya sampuli.

Nimewahi kujitetea kwamba barua yangu haikuwa na neno la uongo, na kwamba rasimu ingeweza kukwama. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini mama yule ndiye aliyekuwa na haki ya kupima hatari hiyo, kwa kuwa kiwanda kilikuwa chake na mafundi walikuwa wake, nami nilimpimia bila yeye kujua.

Wiki yangu ya mwisho pale, katikati ya Desemba, nilimwandikia tena. Safari hii nilimwuliza msimamizi kwanza, akakubali mara moja, akaongeza kwa mkono wake tarehe ya kuanza kwa kanuni ili isikosewe. Nilieleza kila kitu, pamoja na ile aya. Siku tatu baadaye mafunzo yangu yakaisha, na anwani yangu ya barua pepe ya ofisini ikafungwa. Kama alijibu, jibu lake sikulisoma.