Nilivyomuuliza bibi anakula unga gani

Mwaka 2013 nilikuwa Houston, nikitafuta kazi ya kutunza wazee majumbani. Dada wa ofisini akauliza kama najua Kihispania. Nikajibu ndiyo, maana kodi ya chumba ilikuwa imekaribia. Kihispania chenyewe nilikiokota jikoni kwa wapishi wa Kimeksiko, nilipokuwa naosha vyombo: sufuria, vitunguu, matusi.

Mzee wangu wa kwanza alikuwa bibi mzaliwa wa Mexico, mwenye sukari na presha. Binti yake alinionyesha choo na jiko, akawahi kazini. Nikabaki na bibi na fomu ya Kiingereza. Swali la dawa lilipofika, nikapiga hesabu za haraka: Waingereza wanasema "drug", basi Kihispania ni "droga", mtu na nduguye. Nikakaa vizuri, nikauliza kwa adabu zote: "Señora, ¿qué drogas toma usted?"

Bibi akaweka kikombe chini. Akafanya ishara ya msalaba. "¿Drogas? ¿Yo?"

Mbele ya picha ya Bikira Maria wa Guadalupe, nilikuwa nimemuuliza bibi wa watu anakula unga gani. Sisi tuna dawa ya meno, ya mbu, ya viatu, na hiyo ya kulevya, ila kila moja ina mkia wake unaoitambulisha. Droga, kwa bibi yule, haikuhitaji mkia.

Nikaigiza kumeza kidonge. Nikaigiza na maji. "Ah, ¡pastillas!" Akacheka mpaka akakohoa, akaniita "mija", mwanangu, akaleta kopo la biskuti lililojaa chupa za dawa. Nikajifunza hapohapo: kidonge ni pastilla, dawa ni medicina.

Akazitaja moja moja. Metformin, ya sukari, pamoja na chakula. Ya presha, lisinopril, akasema anameza "a las once", saa tano asubuhi. Kwa nini saa tano kamili? Akashangaa swali langu, akaweka kidole kwenye karatasi ya chupa, juu ya neno moja la Kiingereza: "once". Daktari ameandika, haya, soma mwenyewe.

Ilinichukua muda. Kwa Kiingereza neno lile ni mara moja. Kwa Kihispania herufi zilezile nne zinasomeka "onse", yaani kumi na moja. Karatasi ilisema mara moja kwa siku, bibi akasoma kumi na moja, na kwa bahati akaona ni saa. Ningeweza kucheka, lakini nikawaza: je, angeona ni idadi? Nikamwaga vidonge kwenye kisahani, nikavihesabu mara mbili, nikalinganisha na tarehe ya chupa. Vilikuwa sawa. Nikamweleza: "una vez al día", mara moja kwa siku, wakati wowote mradi usibadilike. Akasema amezoea saa tano, ataendelea na saa tano.

Jioni binti aliporudi nikamwonyesha fomu. Akaipitia, akamgeukia mama yake: "¿Y los remedios, mamá?"

Bibi akafungua friji, akatoa jagi la kitu cha kijani. Nopal, dungusi kakati lililosagwa, glasi moja kila asubuhi kwa ajili ya sukari. Hakunificha. Nilimuuliza medicinas, akanijibu medicinas. Za kienyeji ni remedios. Bibi yangu Tanga alikuwa hivyohivyo: daktari akimuuliza anatumia dawa gani, anasema hatumii, na mwarobaini umelowekwa nyuma ya mlango.

Nikaongeza nopal kwenye fomu kwa kalamu nyekundu na kumpigia simu muuguzi msimamizi, kwa sababu nopal nayo hushusha sukari, na metformin ilikuwa tayari kazini. Nilipokata simu, bibi alikuwa ameshanimiminia glasi. Nikanywa. Inavutika kama mlenda, ila haina chumvi.