Alfajiri ambayo Duncan aliketi benchi

Mwezi wa Juni Dodoma huwa na baridi ambayo wageni hawaitarajii, kwa kuwa mji wetu wameuzoea kwa sifa ya jua na vumbi. Alfajiri ya Jumatano ya tarehe 19 Juni 2013 nilikuwa uani, nimejifunga kitenge cha mke wangu juu ya sweta, nikipepea jiko la mkaa ili chai iwe tayari kabla ya saa 10, muda ambao mchezo wa sita wa fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kati ya San Antonio Spurs na Miami Heat ungeanza. Kule Miami ulikuwa bado usiku wa Jumanne. Spurs walikuwa wameshinda michezo mitatu na Heat miwili, hivyo ushindi mmoja tu ungewapa vijana wa kocha Gregg Popovich ubingwa wao wa tano.

Lakini nilichokuwa nakingoja zaidi ni hodi ya kijana mmoja, na sikuwa na hakika kama angekuja.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sekondari, na jioni nilifundisha timu ya kikapu ya vijana wa mtaani kwetu, timu isiyo na jezi zinazolingana wala mfadhili, iliyofanya mazoezi kwenye uwanja wa saruji ambao ringi yake moja ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto. Mchezaji wetu mrefu kuliko wote alikuwa na miaka 19 na alimsaidia mjomba wake katika duka karibu na Soko la Majengo. Wenzake walimwita Thabeet, kwa sababu tangu mwaka 2009, Memphis Grizzlies walipomchagua Hasheem Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, hapakuwa na kijana mrefu wa Kitanzania aliyelikwepa jina hilo.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde 14, na mpira ni wa wapinzani. Niliomba taimauti, nikamtoa Thabeet. Niliona nina sababu nzuri: wapinzani walikuwa na watupaji wawili hodari wa mbali, na kijana wangu alikuwa mzito wa kutoka chini ya ringi kwenda kuwakaba, kwa hiyo nikamwingiza mfupi mwenye miguu myepesi. Hesabu yangu ilitimia karibu yote. Mtupaji wao alibanwa, akatupa akiwa hajakaa sawa, mpira ukagonga ringi ukaruka juu. Vijana wangu watano walibaki wakiutazama, kila mmoja akiwa mbali na kikapu, na mchezaji wao mmoja ambaye hatukuwa tumemjali mchezo mzima akauokota na kuurudisha kikapuni bila hata kuruka sana. Thabeet alikuwa amesimama pembeni na taulo shingoni. Aliniambia maneno machache tu, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ribaundi ile ilikuwa yangu." Jumatatu hakuja mazoezini. Jumanne pia hakuja, na ndipo nikamtuma mwenzake amwambie kwamba kwangu kutakuwa na chai na fainali.

Alibisha hodi robo saa kabla ya mchezo kuanza, akainama kupita mlangoni, akasema "Shikamoo Mwalimu," kisha akaketi kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwa wazi. Kwa muda mrefu tulizungumza habari za runingani tu, na nashukuru kwamba Tim Duncan wa Spurs alitupa mengi ya kuzungumza. Mzee wa miaka 37, tena mrefu asiye na papara, alifunga pointi 25 katika nusu ya kwanza peke yake. Kijana wangu alianza kutabasamu. Robo ya tatu ilipokwisha Spurs walikuwa mbele kwa 75 dhidi ya 65, na mimi nikaanza kuamini kwamba asubuhi ile ingepita bila Jumapili kutajwa.

Katika robo ya nne LeBron James wa Heat alipoteza ile bendi yake ya kichwani, akacheza kama mtu aliyevuliwa mzigo, na pengo likafutika. Hata hivyo, zikiwa zimebaki sekunde 28, Spurs walikuwa wamerudi mbele kwa 94 dhidi ya 89. Tuliona wahudumu wakisogeza kamba ya njano pembezoni mwa uwanja kwa ajili ya sherehe ya kombe, na baadhi ya mashabiki wa Miami wakiondoka. Niliinuka kuongeza chai. Nilipogeuka, nikamwona Duncan benchi.

Kijana hakusema neno. Aliweka kikombe chake chini, chai imefanya utando wa maziwa juu, na akakisukuma mbali kidogo kwa kidole.

Popovich alikuwa amefanya hesabu ileile: Heat walihitaji mitupo ya mbali ya pointi tatu, basi aliweka uwanjani watu watano wenye wepesi wa kubadilishana wa kuwakaba na kutoka hadi mstari wa mbali. James alitupa akakosa. Mpira ukarudi kwa Heat, James akatupa tena, na safari hii ukaingia: 94 kwa 92. Kawhi Leonard wa Spurs akapewa mitupo miwili ya adhabu, akapata mmoja. Spurs wakawa mbele kwa pointi tatu, na kwa ulinzi wa mwisho Duncan akawa tena benchi. James akakosa kwa mara nyingine. Chris Bosh wa Heat, mrefu kuliko kila Spurs aliyekuwa uwanjani wakati ule, akaudaka mpira, akampa mwenzake Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume hadi kona, Allen akatupa pointi tatu, na sekunde tano zikiwa zimebaki matokeo yakawa 95 kwa 95. Katika muda wa nyongeza Heat walishinda 103 kwa 100. Jua lilikuwa limekwisha chomoza.

Nakiri jambo ambalo si la kujivunia: nilifarijika. Ikiwa kocha mwenye mataji manne alimketisha Duncan na kuadhibiwa vilevile, basi nani angenilaumu mimi? Nilikuwa hata nimeandaa sentensi ya kumweleza Thabeet hivyo, kwa upole wa kiualimu.

Akanitangulia. "Mwalimu, Jumapili kama ungeniacha, ningemkaba nani?"

Alikuwa anauliza kweli, si kwa kunisuta. Tukatoka uani. Nilitoa vipande vitano vya mkaa viwe sisi, yeye akaokota kokoto tano ziwe wapinzani, tukavipanga mchangani kando ya jiko. Nilipoweka kokoto za watupaji wao wawili na za walinzi wao, ikabaki moja, ya yule tusiyemjali, ambaye mchezo mzima hakuwa ametupa hata mara moja kutoka mbali. Thabeet alichukua kipande kirefu cha mkaa akakiweka kati ya kokoto ile na ringi, bila kuniangalia.

Hapo ndipo utetezi wangu ulipovunjika. Bosh alikuwa na uwezo wa kutupa kutoka nje, kwa hiyo kumkaba kungemtoa Duncan chini ya kikapu kwa vyovyote, na ndiyo maana mpaka leo namtetea Popovich kwa uamuzi wa kwanza, ingawa wa pili, baada ya kuona ribaundi moja imekwisha potea, siuelewi. Mimi sikuwa na Bosh mbele yangu. Nilikuwa na mchezaji asiyetupa, na kwa kumtoa mrefu wangu nilimwachia nafasi yote chini ya ringi.

"Huyu," nikamwambia, nikigusa kokoto. "Ungemkaba huyu."

"Ndiyo Mwalimu."

Alinawa mikono iliyoingia masizi, akasema mjomba anangoja duka lifunguliwe, akaondoka akila andazi. Mke wangu alitoka na ufagio, akasimama juu ya mchoro wetu, akauliza ni nani aliyemwaga mkaa wake mzima mchangani.