Tonge la nne

Mzee mwenye nyumba aliichambua nyama ya mbuzi kwa vidole vitatu, akakisogeza kipande kinono upande wangu wa sinia. "Kula, mkwe. Leo siku yenu." Tulikuwa wanaume watano tumelizunguka sinia moja la pilau, katika sebule iliyotandikwa mikeka, kule Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2023, wiki mbili baada ya Idi. Mpwa wangu alikuwa ameozeshwa msikitini baada ya adhuhuri, na mimi ndiye mjomba wake. Mjomba wa bwana harusi haketi popote tu. Nilikalishwa ubavuni mwa baba wa bibi harusi, mbele ya macho ya kila mtu.

Nilikuwa katika wiki ya kumi na moja tangu nipunguzwe tumbo.

Nje ya hospitali waliojua ni wawili: mke wangu, na mkuu wangu wa shule aliyenipa ruhusa. Wengine wote niliwaambia nakwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya kisukari. Kisukari nilikuwa nacho kweli, mwaka wa tisa, najichoma insulini asubuhi na jioni. Usiku nilikoroma mpaka pumzi ikikatika, mke wangu akikaa macho kunisubiri nivute nyingine. Nilikuwa na kilo 151. Daktari alinichorea kwenye karatasi: atanitoboa matundu madogo tumboni, aondoe karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, abakize kipande chembamba mfano wa ndizi. Sehemu ikishaondolewa hairudishwi. Akanieleza pia kwamba sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo nisishangae njaa ikinipotea.

Ikanipotea kweli. Jambo hili ningependa kila anayejiandaa kwa upasuaji huu alijue mapema, kwa sababu mimi lilinihuzunisha kuliko maumivu ya mishono. Miaka yote adhuhuri niliisikia tumboni kabla ya kengele ya shule. Sasa nikawa nakula kwa kuangalia saa ya ukutani, kama mtu anayemeza dawa. Siku za kwanza ilikuwa maji kwa kile kikombe kidogo cha dawa, mililita 30, nayanywa kwa kulamba. Kisha supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Wiki ya tatu vikaingia vya kusagwa kwenye blenda: samaki na mchuzi wake, maharage, yai. Baadaye vyakula laini. Kijiko changu kilikuwa kile alichokuwa akilishiwa binti yangu wa mwisho alipoachishwa ziwa.

Masharti niliyajua kwa moyo. Protini kwanza, isipungue gramu 60 kwa siku. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Usinywe maji pamoja na chakula, na ukishakula subiri nusu saa ndipo unywe. Vidonge vya vitamini na madini, maisha yote. Nyumbani niliyaweza. Mke wangu alinipakulia kwenye kisahani cha chai, tukala pamoja, yeye akimaliza kwa dakika kumi na mimi thelathini, naye hakuwahi kuniacha mezani peke yangu. Sukari ikashuka hata daktari akaniondolea insulini. Uzito ukafika kilo 126. Kanzu niliyoivaa siku ile ya harusi ilinipwaya mabegani kama ya kuazima.

Lakini sisi watu wa pwani hatuli shughulini kwa visahani. Karatasi niliyopewa hospitalini ilitaja mtindi, mayai, samaki na supu, haikutaja sinia. Sinia lina mwendo wake. Mkubwa huanza, wengine hufuata, kila mtu hula upande wake, na mkono ukisimama watu hukuona. Hainuki mtu mpaka wenzake washibe. Mgeni anayedonoa huulizwa kama chakula hakikumpendeza, na asipoulizwa ni vibaya zaidi, maana wenyeji watalala na neno moyoni. Sisi tulikuwa upande wa mume. Tulikuja na Costa kutoka Tanga, kilomita 50 hivi, tukavuka kwa kivuko, na wale watu walikuwa wamekesha wakitupikia.

Njiani nilijipangia. Nitatanguliza nyama, kidogo sana. Nitatafuna mara thelathini. Vidole nitaviacha kwenye wali vikijishughulisha.

Tonge la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, mzee aliniuliza habari za shule na wanafunzi wa siku hizi, na kwa kuwa si adabu kumjibu mkubwa kinywa kimejaa, nilimeza nimjibu. La tatu ni la ile nyama aliyonisogezea, naye alikuwa akinitazama kwa furaha. La nne hata sikumbuki kulitengeneza. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka arobaini na sita, ukarudi, nikatafuna mara nne au tano kama watu wote, nikameza.

Pale pale nikajua. Kitu kilisimama nyuma ya kifua, kigumu kama kokwa la embe, hakishuki wala hakipandi. Mate yakaanza kunijaa, mazito, yanayoteleza, kila nikiyameza yanarudi na mengine. Jasho likanitoka chini ya kofia. Bilauri ya maji ilikuwa mbele ya goti langu nikaitazama kwa uchu, huku nikijua kwamba maji hayana pa kupita, yatakaa juu ya lile tonge na kuzidisha maumivu. Mzee akasogeza kipande kingine. "Mwalimu, mbona unaona haya?"

Nikainuka. Sinia lilikuwa halijafika nusu.

Nilipita kati ya masinia ya watu nikiwa nimeziba mdomo kwa leso, na mazungumzo yalikatika nyuma yangu, sinia moja baada ya jingine. Nikatokea uani. Wanawake walikuwa kwenye masufuria, wakanipisha. Nikashika shina la mwembe nyuma ya jiko na kuinama. Kwanza yalitoka mate tu, meupe, yenye povu. Nilidhani yatakwisha, hayakwisha. Nilisimama pale kwa muda ambao naweza kusema ni dakika kumi, au zaidi, kila mara kifua kikibana na kulegea, mpaka lile tonge likarudi na maumivu yakakatika ghafla. Machozi yalikuwa yakinitiririka kwa ile nguvu ya kutapika.

Nilipogeuka, dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Dada amenizidi miaka kumi na minne. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka saba, na yeye ndiye aliyenilea, akanipeleka shule kwa fedha ya maandazi. Siku ile alikuwa mama wa bwana harusi, hina mpaka viwikoni, sare mpya, udi unamnukia. Hakuniuliza nimekula nini. Alinishika mkono, akanivutia kwenye kivuli upande wa pili wa mwembe, akasema kwa sauti ndogo:

"Niambie ukweli. Wamekwambia umebakiza muda gani?"

Sikumwelewa.

"Usinifiche, mdogo wangu. Nakuona unavyokwisha. Ramadhani hukufunga, nimesikia. Mtaani wanasema una ngoma, wengine wanasema saratani. Mie nimenyamaza, nimemwachia Mungu. Harusi hii tuliipanga iwe Desemba. Nimewapigia magoti wakwe waikubali sasa, nikasema kijana ana safari. Hana safari yoyote. Nilitaka uikute."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu tangu siku ile sijayasahau hata moja. Mimi nilikuwa nimeamini wameisogeza harusi kwa kuwa baada ya Idi ni msimu wa ndoa. Dada yangu alikuwa amekopa, amegombana na mume wake, amewaomba watu wasiomjua vizuri, yote hayo akikimbizana na kifo changu. Na mimi muda wote huo nilikuwa nyumbani, nafurahia mkanda kuongezwa tundu, nikidhani siri yangu haimuumizi mtu.

Kwa nini nilificha? Niliogopa kuambiwa nimekimbilia kisu kwa kushindwa kufunga mdomo. Mtu mnene husikia maneno mengi, na nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni: angekula kidogo tu, angetembea tu. Nilitembea. Nilikula kidogo, miezi mitano mfululizo, uzito ukapungua kilo kumi na mbili na kurudi kumi na tano. Sikutaka kusimama mbele ya watu kuutetea mwili wangu upya. Naona bado kwamba hofu ile ilikuwa na msingi. Lakini dada hakuwa watu.

Nikamweleza pale pale. Mfuko wa chakula, matundu, ile sehemu iliyotolewa. Kuhusu Ramadhani nikamwambia daktari amenikataza mwaka ule, kwa vile maji niliyotakiwa kunywa, lita moja na nusu, yasingewezekana kunyweka usiku peke yake kwa kulamba. Nikamshika mkono wake wenye hina, nikauweka juu ya kanzu, palipo na makovu. Akapapasa kwa kidole, moja, mbili, mpaka tano.

Kisha akakasirika. Sijamwona akikasirika vile tangu nikiwa mtoto. "Yaani umelazwa, umepasuliwa, umeamka, mie niko Tanga nakaanga maandazi? Ungefia huko ningeambiwa na nani? Mficha maradhi kifo humuumbua, hukufundishwa?" Akalia. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaangalia kama wanja umechafuka. Halafu akauliza, kwa sauti yake ile ya siku zote, "Sasa unakula nini?"

"Vitu laini. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kukunja kiganja.

Akaenda moja kwa moja jikoni kwa wakwe, ugenini, siku ya ndoa ya mwanawe, nikamsikia akisema bila kuzunguka: "Ndugu yangu kapasuliwa tumbo, wali haumpiti. Nipeni kitu laini." Kimya kidogo, kisha shangazi wa bibi harusi akaitika kwamba bokoboko lipo, wamewapikia wazee wasio na meno. Lilikuja ndani ya kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na kijiko cha chai.

Kwa wasiolijua, bokoboko ni ngano iliyopikwa na nyama kwa saa nyingi kisha ikasongwa mpaka ngano na nyama haviachani tena. Nilikuwa nikilila tangu mtoto. Haikuwa imenipitia akilini, katika wiki zote zile za blenda, kwamba bibi zetu walikuwa na chakula hiki hiki nilichokuwa nikihangaika kukitengeneza. Dada aliiondoa samli iliyoelea juu, akaketi kwenye kibao cha mbuzi mbele yangu, mgongo kwa watu, ili nisitazamwe. Nilikula vijiko sita. Nilisubiri baada ya kila kimoja. Kila kimoja kilishuka, nikakisikia kikishuka, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji nilikula kitu nikakitamani kingine.

Mzee mwenye nyumba alikuja uani akiwa amekwisha nawa. Uso ulikuwa umemsawijika. "Mkwe, chakula chetu kimekudhuru?" Dada ndiye aliyemjibu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akanipa pole, akasema ningemwambia tu, asingenijazia upande wangu nyama kama ananikomoa. Akaagiza kiti. Akaketi nasi, na akaanza tena kuniuliza habari za shule, safari hii akinisubiri nimalize kumeza.

Tuliondoka jioni, baada ya alasiri kupoa. Wenyeji walitufungia pilau kwenye ndoo, na kopo dogo la bokoboko lililofunikwa kwa kitambaa, langu. Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, nikala vijiko vitano tukisubiri. Jua lilikuwa limeshaelekea minazi ya juu ya mto, vijana wanapiga vigoma kwenye Costa, bibi harusi ameinamisha uso kati ya mawifi zake. Kiu ilinishika tulipokuwa katikati ya maji. Chupa ilikuwa mkobani mwa dada. Nikanyoosha mkono.

Akaitoa chupa, akaangalia saa yake, akairudisha mapajani.

"Bado dakika nne," akasema.

Kivuko kikagusa upande wa pili, mlango wa chuma ukashushwa, watu wakaanza kushuka, naye alikuwa bado ameishika.