Alasiri ya Tongoni

Kilichonipeleka Tanga ni majokofu ya chanjo: kupima joto, kubadilisha mipira ya milango, kujaza fomu. Siku ya tatu nikakwama. Kipuri nilichokuwa nakisubiri kilikuwa bado kipo njiani, ndani ya basi la kutoka Dar es Salaam, na hakingefika kabla ya magharibi.

Mji huu wanauita "Waja leo", na mimi nimeshakuja mara nne bila kuvuka mtaa wa Ngamiani. Nikamwita kijana wa bodaboda.

"Nikupeleke Amboni, kaka? Wageni wote huenda mapangoni."

"Nipeleke Tongoni."

"Kule si makaburi tu?"

"Hayo hayo."

Tukashika barabara ya Pangani kuelekea kusini. Machui nilimwomba apunguze mwendo. Huko ndiko alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962, karibu na Vibambani alikozaliwa mwaka 1909. Shuleni nilimjua kama jina la kwenye mtihani. Sasa nilikuwa napita kwao, penye minazi na watoto wanaorudi kisimani na madumu, nikajisikia nimechelewa sana kuja kumsalimu.

Tongoni ni kama kilomita 17 kutoka mjini, na bahari iko karibu, nyuma ya mikoko. Nilimkuta mzee mmoja kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tembea taratibu, usikanyage juu."

Makaburi yanazidi 40, yameuzunguka msikiti usio na paa. Mengi yalijengewa nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka, zimelala kando ya wenyewe. Ni mji wa karne ya 14 na ya 15, watu wakiishi kwa biashara ya bahari. Lakini mimi ni fundi, na macho yangu yalikwenda kwenye kazi ya mikono.

Kuta zote ni matumbawe. Yale ya baharini yakitolewa majini huwa laini, unayachonga upendavyo. Yakikaa hewani yanakauka na kuwa magumu. Kwa hiyo fundi aliyechonga kibla cha msikiti alikuwa anashindana na muda, kama mtu wa saruji leo. Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe hayo hayo, yakipangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yawe unga. Bahari iliwapa jiwe, na ikawapa cha kulishikia.

Kwenye nguzo moja mzee alinionyesha kishimo cha mviringo. "Hapo palikaa bakuli. Zilitoka Uchina huko." Bakuli haipo, ilishang'olewa. Nikapitisha kidole ukingoni: duara safi, kina kile kile pande zote. Aliyelichonga alikuwa na bakuli mkononi, akijaribu, akitoa, akipunguza kidogo, akijaribu tena, mpaka ikakaa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mpira wa mlango wa jokofu nao haukubali pengo la unene wa karatasi. Joto litapenya, chanjo itaharibika. Nilimwelewa yule mtu.

Chini ya kaburi la pembeni palikuwa na majivu ya ubani, bado mapya. Sikuuliza ni ya nani.

"Mbona umekaa sana?" kijana aliniuliza niliporudi kwenye pikipiki.

Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye ile nguzo, nikamwambia atie kidole.