Jumapili napika rojo, wiki nzima tunakula

Huku Minneapolis, Marekani, mwezi wa 12 jua linazama saa kumi na nusu jioni. Mimi natoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, saa tisa na nusu, napitia watoto wawili, mmoja shule mmoja kwa mlezi, barabara ina theluji magari yanatambaa, nikifungua mlango wa nyumbani giza ni lile la saa mbili usiku kwetu Tanga na watoto wanadai chakula hata makoti hawajavua. Baba yao anaendesha lori, Jumatatu mpaka Alhamisi yuko njiani, kwa hiyo jikoni ni mimi peke yangu.

Mwaka wa kwanza tulikula piza za friza karibu kila siku. Iliniuma sana, siwafichi. Mwanangu mkubwa alifika miaka 5 hajui kumega ugali, anauchoma na uma kama keki, na bibi yake anapopiga video anauliza wajukuu wangu wamekula nini mimi nababaika.

Sasa siku moja nikakaa nikafikiria, hivi kinachonichelewesha ni nini hasa? Mchuzi wa samaki, rosti ya kuku, mayai ya rojo, maharage, ndizi nyama, vyote vinaanza mahali pamoja: kitunguu kikaangwe mpaka kigeuke rangi, saumu na tangawizi, halafu nyanya ziive mpaka mafuta yapande juu. Hapo ndo dakika 40 zinakwenda, na ukiharakisha chakula kinakuwa na ule uchachu wa nyanya mbichi mtoto anasukuma sahani. Kikishapita hicho kipande kilichobaki ni kidogo mno. Basi nikaamua hicho kipande, ndo rojo yenyewe, nakifanya mara moja tu, Jumapili asubuhi.

Nakata vitunguu vikubwa 8, saumu vichwa viwili, tangawizi kipande kama kidole, makopo mawili ya nyanya yale makubwa ya gramu 800 hivi, bizari nyembamba, manjano, chumvi kidogo. Saa tatu asubuhi yangu ni saa kumi na mbili jioni Tanga, mama anakuwa ametulia, naegemeza simu kwenye kopo la sukari napiga naye stori huku nageuza sufuria, na yeye ndo ananiambia "bado hiyo, ngoja mafuta yaachane" maana anaiona. Tui sitii siku hiyo, ukiligandisha linakatika, tui ni la siku ya kula. Rojo ikipoa naigawa vikombe viwili viwili kwenye mifuko ya zipu, natoa hewa, naulaza mfuko kwenye trei naubonyeza na kiganja mpaka unakuwa bapa kama chapati, ndo naingiza kwenye friza. Huo ubapa ni muhimu jamani, ukigandisha bonge utasubiri nusu saa liyeyuke, lakini bapa unalivunja vipande kama biskuti unatupa kwenye sufuria dakika tano limeshaanza kuchemka.

Kwa hiyo Jumatatu ni samaki. Fileti za tilapia, ndo sato wetu huyo, nimezitoa friza asubuhi nikaziweka chini kwenye friji, nazipaka ndimu na chumvi, rojo ikichemka namimina tui kopo moja, nalaza samaki juu nafunika, dakika 10 ameiva, na wali mashine ya umeme imeshamaliza yenyewe. Tunakula saa kumi na mbili kamili. Jumanne tunakula zege, chipsi mayai, na watoto wanaihesabia hiyo siku: chipsi za friza zinaingia kwenye oveni mpaka zikauke vizuri, ndo nazimwaga kwenye kikaango, mayai matano juu, kachumbari pembeni, na wala usione aibu kusema ni dinner, ukiweka na parachichi mtoto kashiba kabisa. Siku nyingine naazima ya jirani yangu Mganda, mayai na nyanya na kabeji ndani ya chapati unakunja, wao wanaita rolex, na chapati zipo za friza kwenye maduka ya Wahindi, unabandika kwenye kikaango kikavu inafura.

Maharage naomba niongee kidogo, tafadhali soma hapa. Nilinunua lile sufuria la umeme la kupika polepole, unaliwasha asubuhi unakuta chakula jioni, nikatia maharage mekundu makavu nikaenda kazini nikiwa na furaha. Jioni yanaonekana yameiva nusunusu, tukala. Hayakupita masaa mawili matatu wote tunatapika, mdogo mpaka akalegea, usiku ule nililia. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, na yale masufuria joto lake ni la chini haliwezi kuiua, inatakiwa yalowekwe kwanza masaa matano au zaidi, maji yale umwage, halafu yatokote kwelikweli jikoni, angalau dakika 10 na wengine wanasema 30, ndo mengine yafuate. Nyumbani hatukuwahi kujua kwa sababu mama zetu walichemsha kwa mkaa mpaka yanapasuka. Sasa hivi natumia presha kuka ya umeme, nayaloweka usiku, naweka dakika 20 yanakuwa laini, nachemsha kilo nzima Jumapili nagandisha. Ukiwa huna muda kabisa ya kopo yameshapikwa kiwandani, osha, unga na rojo na tui, basi. Jumatano yetu ndo hiyo, maharage ya nazi na wali.

Alhamisi ugali, na hapa wageni wengi wanakosea kwenye unga. Ule unga wa Wameksiko wa tortilla, zile chapati zao, usiununue kwa ajili ya ugali, mahindi yake yamechemshwa na chokaa, harufu na ladha ni nyingine na unanata kama ulimbo. Ule wa njano wa supamaketi nao una chenga kubwa. Nenda kwenye maduka ya Wasomali au ya Waafrika utafute unga mweupe uliosagwa laini, chukua mfuko mkubwa. Ugali ni dakika 15 wala hauna shida, shida ni mboga, na mboga mimi natumia majani ya collard, ukiyakata membamba kabisa hayana tofauti na sukuma wiki ya Wakenya, rojo nusu mfuko, dakika nane. Kisamvu nacho kipo cha friza kimeshatwangwa, ila usikitie mchuzini hivihivi eti kwa kuwa kimetoka dukani, kichemshe kwanza bila kufunika, muda mrefu tu, kwa hiyo hicho kwangu ni cha wikiendi, baba yao akiwepo.

Kiporo pia tujirekebishe. Tumekua na wali wa jana unalala kwenye sufuria juu ya meza, asubuhi unapashwa na chai. Huku na hita inavyowaka nyumba nzima ni joto usiku kucha, wali uingie friji ndani ya masaa mawili, na usipitishe siku tatu nne. Ukiukaanga na kitunguu na yai siku ya pili, hicho ni chakula kamili cha mtu aliyechoka.

Na watoto wapeni kazi. Wangu mkubwa sasa ana miaka 8, ndo anayevunja rojo na kuitia kwenye sufuria, mdogo anaosha mchele mara tatu anahesabu kwa sauti. Juzi Alhamisi nimesonga ugali nimegeuka kuchukua bakuli la maji ya kunawa, nageuka namkuta mkubwa kashamega tonge, kalitia kidole gumba katikati kalibonyeza vizuri anachotea mboga, wala hakujua kama namwangalia. Nilimrekodi nikamtumia bibi yake, kule ilikuwa saa tisa usiku, akaiona alipoamka kuswali alfajiri akajibu kwa voice note ndefu ya dua. Bado nina mifuko minne ya rojo kwenye friza, wa kesho nimeshautoa.