Betri niliyoipima kwa mizani ya dagaa

Mtumbwi wangu una urefu wa futi 28 na kituo chake ni mwalo wa Igombe, Ilemela, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria; mwalo ni ufuko tunaposhushia samaki. Injini ni ya nguvu ya farasi 15, ya kuvuta kamba, haihitaji betri kuwaka. Betri iliyomo humo ina kazi moja tu: kuwasha taa sita za kuvutia dagaa, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nimeua betri mbili kabla sijaielewa kazi hiyo moja, na zote nilizinunua kwa pesa ya dagaa niliowaanika na kuwageuza kwa mikono yangu. Ndiyo maana naandika.

Marehemu baba alivua kwa karabai. Nakumbuka mafuta ya taa yalivyokuwa yanakula faida, kupampu kila mara, na kioo kupasuka tone la mvua likikigusa kikiwa cha moto. Nilipourithi mtumbwi nikahamia kwenye taa za LED, wati 10 kila moja, zinazoning'inia kwenye miti iliyotokeza nje ya ubavu. Dagaa wanakuja vilevile. Kilichobaki ni umeme.

Betri ya kwanza ilikuwa N70 ya gari, mpya, niliyoinunua mjini. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii inawasha Hiace ya dizeli, itashindwa na taa sita?" Nikaona ana hoja. Sikujua kwamba kuwasha injini na kuwasha taa usiku kucha ni kazi mbili tofauti kabisa. Betri ya gari imejazwa sahani nyingi nyembamba za madini ya risasi ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache. Gari likishawaka, oltaneta, kifaa cha kuzalisha umeme kinachozungushwa na injini, inairudishia kile kidogo kilichotoka. Ukiikamua taratibu mpaka alfajiri, kisha ukarudia kesho na keshokutwa, zile sahani zinamomonyoka na unga wake unatuama chini ya seli. Betri ya kazi yetu ni ile madukani wanayoiita betri ya sola, yenye sahani nene, iliyotengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Na hata hiyo, kama ni ya risasi, usiishushe chini ya nusu kila siku ikiwa unataka ikae.

N70 ile ilidumu miezi minne. Nikanunua nyingine kama hiyohiyo, nayo ikaenda vilevile: usiku wa kwanza wa giza, yaani usio na mbalamwezi, taa zinawaka vizuri, wa pili zinafifia kuelekea alfajiri, wa tatu nahodha anapiga simu saa nane kwamba taa zimefifia kabisa na dagaa wametawanyika. Wanaume wanne ziwani, petroli imeshaungua, ndoo tupu. Nahodha wangu ni mtu mzima, amevua tangu sijazaliwa, hapigi kelele ovyo. Siku ile aliporudi alisema tu, "Mayu, betri hii haishibi." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Neno hilo lilinikaa kichwani. Mimi nilikuwa nawaza betri ni ndogo. Yeye alisema haishibi.

Nikakaa na daftari la mauzo nikapiga hesabu upande wa nyuma. Taa sita za wati 10 ni wati 60. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 5. Kwa masaa tisa ni ampea-saa 45 kila usiku. Betri ya N70 haizidi ampea-saa 70 ikiwa mpya kabisa, kwa hiyo nilikuwa nakula zaidi ya nusu yake kila usiku. Hilo tayari ni baya. Kisha nikageuza chaja yangu nikasoma kibandiko cha nyuma: ampea 4. Mtumbwi unafika mwaloni saa moja asubuhi. Mpaka dagaa washushwe na betri ifike nyumbani ni saa mbili. Saa kumi na moja jioni inatakiwa tena. Hayo ni masaa tisa. Mara ampea 4, ni 36, na betri ya risasi hairudishi yote unayoiingizia. Sehemu inapotea kwa joto. Tuseme iliingia 30. Ilitoka 45, ikarudi 30. Kila usiku naibakiza na deni la 15. Usiku wa tatu ilikuwa lazima ife, hata ningeomba vipi.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wanaoniuliza ninunue betri gani: anza na chaja. Jiulize una masaa mangapi kati ya mtumbwi kurudi na kutoka, na umeme wenu unakatika kiasi gani, halafu ndiyo uchague betri ambayo chaja hiyo inaweza kuijaza ndani ya muda huo. Betri kubwa isiyojaa inaoza tu ikiwa kubwa.

Mwezi nao uliniharibia, na hili sikulisikia kwa mtu yeyote. Kwetu wa dagaa, mbalamwezi ikipanda hatutoki. Mwanga wa mwezi unashinda wa taa, samaki hawakusanyiki. Vijana wanashona nyavu, wengine wanaenda kulima. Mimi betri nilikuwa naiacha pembeni vilevile ilivyorudi, nikisema nitaichaji giza likikaribia, nisimalize luku bure. Siku kumi, wakati mwingine zaidi, imekaa njaa. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, juu ya sahani zake kunaota chumvi nyeupe ya salfeti, mwanzoni laini, baadaye ngumu kama ukoko wa sufuria, na umeme haupiti tena hapo. Fundi mmoja alinifungulia vizibo vya ile N70 ya pili nikamulika kwa tochi. Maji yalikuwa yameshuka, ncha za sahani ziko wazi, na zilikuwa na weupe wa kijivu kama chokaa ya ukuta. Nilikuwa nimeipeleka kwenye kibanda cha kuchajia mwaloni mara kadhaa nilipokuwa na safari, na chaja ya pale haijikati yenyewe. Inaichemsha betri mpaka mtu akumbuke kuitoa. Kwa hiyo nyumbani ilikuwa inashinda njaa, kibandani inapikwa. Siku hizi siku ya mwisho ya giza ndiyo siku ya kuijaza mpaka juu, kabla ya mapumziko, na naichaji tena kidogo katikati ya mbalamwezi.

Maji ya ziwa usiweke ndani ya betri hata kama yanaonekana safi kama ya chupa. Yana madini. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, ongeza mpaka sahani zifunikwe, basi. Asidi huongezi kamwe kama haikumwagika.

Ikimwagika ni habari nyingine. Vuli moja mawimbi yalipiga karibu na kisiwa, betri ikalala ubavu chini ya ubao wa nyuma. Hakuna aliyeona usiku. Asubuhi tulipotandaza wavu mchangani, kipande cha ukubwa wa mkeka kilikuwa kimelegea; ukivuta jicho la wavu kwa kidole linakatika bila sauti, kama uzi wa buibui. Nailoni haivumilii asidi. Mmoja wa vijana alikuwa ameketi karibu, akaungua paja, ngozi ikababuka. Tulimwosha kwa maji mengi sana, akapona, lakini niliona aibu kumtazama mama yake. Tangu siku hiyo betri ya maji haiingii kwenye mtumbwi wangu. Ukiwa huna njia nyingine, iweke kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, ulifunge kwa kamba kwenye mbavu za mtumbwi, na beba magadi yaliyosagwa kwenye kopo. Yanaua asidi iliyomwagika juu ya mbao.

Betri ya tatu nilikwenda kuinunua Makoroboi, mjini Mwanza, nikiwa na akili nyingine. Nilitaka betri kavu ya sola, ile iliyofungwa isiyomwagika, ampea-saa 100, kwa sababu 45 iko chini ya nusu ya 100. Maduka matatu, betri tatu zimeandikwa 100 zote, bei zimepishana mno. Mimi kazi yangu ni kupima dagaa. Nikawaza: risasi ni risasi, haiwezi kudanganya uzito. Kesho yake nikarudi na mizani yangu ya kuning'iniza. Muuzaji wa kwanza alikataa nisiiguse betri yake, nikaondoka. Ya pili ilikuwa na kilo 17. Ya tatu ilikuwa na kilo 29. Betri ya risasi ya kweli ya ampea-saa 100 inacheza kwenye kilo 28 mpaka 30. Ile ya kilo 17 haina risasi ya kutosha kubeba jina lililoandikwa juu yake, hata kama kibandiko kinang'aa. Nilichukua ya kilo 29, na kabla ya kulipa nikaomba ipimwe volti ikiwa haijafungwa popote. Ilisoma 12.7. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.1 iko nusu. Ikiwa chini ya 12 dukani, imekaa njaa kwenye rafu na salfeti imeshaanza, iache hapo.

Chaja niliyonunua nayo ni ya ampea 15, inayojibadilisha yenyewe. Inasukuma kwa nguvu mpaka betri ifike volti 14.4, inashikilia hapo huku ampea zikipungua taratibu, halafu inashuka mpaka kama 13.6 na kubaki inaitunza tu. Ile hatua ya kati ndiyo watu wanaikatisha. Wanaona taa ya chaja imebadilika rangi, wanachomoa. Sehemu ya mwisho ya kujaza ni ya polepole, na ndiyo inayozuia ule ukoko mweupe. Kwangu kazi nzima inachukua kama masaa saba, kwa hiyo umeme ukikatika kwa saa moja au mbili bado naponea. Kwa betri ya risasi chaja iwe kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tano ya ukubwa wa betri. Chini ya hapo unabaki na deni, juu ya hapo unaiunguza. Na chajia mahali penye hewa. Nilikuwa nachajia jikoni, jiko la mkaa linawaka hatua mbili kutoka hapo. Betri ya risasi ikijaa inatoa haidrojeni, na gesi hiyo ikikusanyika inalipuka kwa cheche. Nikikumbuka watoto walivyokuwa wanakaa pale, moyo unanienda mbio.

Waya pia uliniibia. Zamani taa zilikuwa zimefungwa kwa waya mwembamba wa spika. Tulipopima, betri ilisoma 12.4 na kwenye taa ya mwisho kulikuwa na 11. Volti nzima na zaidi zilikuwa zinaishia njiani kama joto. Nikaweka waya wa milimita mbili na nusu na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na kichwa cha chanya. Mwanga uliongezeka siku hiyohiyo, betri ileile.

Mwaka jana nimehamia kwenye lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, ampea-saa 60. Bei ilikuwa karibu mara tatu. Nililipa kwa sababu inaweza kukamuliwa asilimia 80 ya chaji yake bila kuumia, inapokea chaji haraka, na inakaa mizunguko mingi zaidi ya kuchaji na kutumia. Lakini nakiri sababu iliyonisukuma hasa ni ya mwaloni: mtumbwi hauegemei nchi kavu, kijana anashuka majini mpaka mapajani, betri ya kilo 29 begani, mawe yana utelezi. Hii ina kilo zisizozidi 8. Anaikumbatia kama kuku.

Ina tabia zake. Chaja ya risasi yenye mpango wa kusafisha salfeti, unaopandisha volti juu ya 15, usiifunge kwenye lithiamu, nunua yake. Na haikuonyi. Betri ya risasi ikichoka taa zinafifia, wavuvi wanajua. Lithiamu inashikilia volti 13 na kitu usiku kucha, kisha saketi ya ulinzi iliyomo ndani inakata mara moja, giza totoro. Ilitutokea saa tisa usiku, tulikuwa tumesahau kuijaza vizuri. Nahodha alisema alidhani ameingia upofu. Sasa tuna mita ndogo inayohesabu ampea zinazotoka, maana volti pekee hazisemi kitu kwenye lithiamu, na kila mmoja ana tochi shingoni.

Wenye taa za kuelea, zile kila boya na betri yake ndogo, hesabu ni hiyohiyo. Taa ya wati 5 kwa masaa tisa inakula karibu ampea-saa 4. Betri ya 7 inatosha, ila kwa shida, na lazima ijae kila siku.

Juzi jioni kijana wa mtumbwi wa jirani alinijia. "Shikamoo mama. Betri yangu nimetoka kuichaji kibandani siku nzima, lakini haifiki saa sita." Nikamwambia aiache usiku ipumzike, tutaipima asubuhi. Ilisoma 12.1. Maji yalikuwa yameshuka lakini sahani hazijawa nyeupe. Tumeijaza maji, nimeifunga kwenye chaja yangu ya risasi, na giza linaanza Alhamisi.